Waya wa Kayabo

Mwisho wa Januari 2019 nilikuwa gerejini kwangu Nyakato, nimejilaza chini ya dashibodi ya daladala, miguu ikiwa nje mlangoni, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua la Mwanza limeshika mabati hadi yanalia. Nikapokea hivyo hivyo nilivyolala.

"Mwangaluka, mjomba."

Alikuwa mtoto wa dada yangu, anaishi Winnipeg, Kanada. Kwangu mimi saa ya Mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ilikuwa imepita zamani, tulishahamia Mwadila, lakini kwake ndiyo kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Nikamwitikia vivyo hivyo. Ndipo nikasikia meno yake yanagongana.

"Gari limegoma, mjomba. Nikipiga stata linafanya tak-tak-tak, basi. Nachelewa kazini, na hapa nje ni nyuzi 30 na ushee chini ya sifuri."

Mimi ni fundi umeme wa magari. Baridi ninayoijua ni ile ya Julai alfajiri, upepo wa ziwa ukipanda mjini na waendesha bodaboda wakivaa makoti mawili. Lakini mtoto wa dada akikuuliza, unajibu.

"Hiyo betri," nikasema. "Vichwa vimeota ukungu. Chemsha maji, vimwagie, kaza nati, piga stata."

Dawa hiyo haijawahi kuniangusha hapa Nyakato. Baada ya dakika kama kumi akanitumia picha. Maji yalikuwa yameganda juu ya betri, yameganda kwenye nati, mengine yananing'inia kwenye nyaya kama ndevu za mzee. Spana haikuwa na pa kushika. Siku hiyo alikwenda kazini kwa basi, nami nikarudi chini ya dashibodi kimya kimya. Bahati mbaya kijana wangu wa gereji alisikia maongezi yote. Hadi leo gari likisumbua kuwaka ananiuliza, "Bosi, nichemshe maji?"

Usiku ule nilikaa na simu nikisoma, maana aibu nayo inafundisha. Nikakuta kwamba umeme wa betri unatokana na kemikali, na kemikali ikipata baridi inalegea: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri nzima kabisa inabaki na karibu nusu tu ya nguvu zake. Oili nayo imekuwa nzito, injini inadai nguvu nyingi zaidi kuizungusha. Yaani deni linaongezeka siku ambayo mshahara umekatwa. Tena kwenye betri nyingi kuna herufi CCA na namba pembeni yake. Nimefunga betri miaka mingi bila kujali maana yake. Kumbe ni ampia ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye hizo hizo nyuzi 18 chini ya sifuri. Nimekuwa nikiwauzia watu wa Igoma na Buswelu namba ya baridi ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayeiona.

Kingine kilichonitia hofu: betri iliyoisha chaji, maji yake huganda upesi kuliko ya betri iliyojaa, na ukiibusti ikiwa imeganda inaweza kukupasukia usoni. Kwa hiyo alipopiga tena, siku mbili baadaye, sikuanza na salamu.

"Tazama tumbo la betri. Limevimba?"

"Ni mpya, mjomba. Nimeinunua jana, duka moja la hapa wameniambia ile ya zamani imekufa."

"Sasa?"

"Tak-tak-tak."

Barafu ya maji yangu alikuwa ameiyeyusha kwa mashine ya mkewe ya kukaushia nywele. Nikamwambia afungue kamera nione boneti yote. Mbele ya gari, kwenye grili, nikaona waya wenye plagi unaning'inia.

"Hilo gari ni la umeme?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. Ni hita ya injini, akaniambia. Usiku wanachomeka magari ukutani kama simu, asubuhi injini iwe na uvuguvugu. Lake lilikuwa limechomekwa usiku kucha. Basi kisingizio cha oili nacho kikapungua nguvu.

Alikuwa na mita ndogo ya bei rahisi. Akapima betri: volti 12.6. Imejaa. Nikamwambia awashe taa ya ndani, mkewe apige stata, yeye aitazame taa. Gari likalia tak-tak-tak, taa ikabaki inawaka kama haijasikia kitu. Betri ikiwa dhaifu, taa ile hunywea. Hii haikunywea. Umeme upo, ila haufiki kwenye stata, au unafika na hauna njia ya kurudi.

Hapo ndipo nikaikumbuka kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo.

Ilikuwa ya jamaa anayebeba kayabo pale Mwaloni Kirumba. Kayabo ni sangara aliyekolezwa chumvi na kukaushwa, biashara yake inafika hadi Kongo, na maji yake ya chumvi hudondoka usiku na mchana kwenye chochote kilicho chini. Dereva alikuja kwangu amechoka kusukuma. Alishabadili betri, alishabadili stata, gari likisukumwa linawaka, likizimwa halipigi. Nilihangaika nalo asubuhi nzima, na kilichonionyesha njia ni pua. Nilisikia harufu ya plastiki inaungua, nikakuta waya wa kukanyagia mafuta umepata moto hadi ngozi yake inayeyuka. Waya ule hauna kazi yoyote ya umeme. Lakini ule wa eathi, unaotoka bodi kwenda kwenye injini, ulikuwa umeliwa na chumvi ndani kwa ndani, na umeme wa stata ulikuwa unatafuta njia ya kurudia betri popote unapoipata. Nje ulionekana mzima. Nilipoukunja ukakatika kama mua mkavu.

"Niambie," nikamuuliza mpwa wangu, "huko kwenu barabarani wanamwaga nini?"

"Chumvi, mjomba. Chumvi na mchanga, kwa ajili ya barafu."

Nikamwambia aweke ncha moja ya mita kwenye kichwa cha negativu cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mkewe apige stata. Namba za mita zilikuwa zinajiandika polepole, kioo chake nacho kimeshikwa na baridi. Volti 5 na kitu. Ilitakiwa isifike hata nusu volti.

"Una zile nyaya za kubusti? Chukua ule mweusi peke yake. Upande mmoja kwenye negativu, upande wa pili kwenye chuma cha injini. Usiguse chanya. Halafu..."

Simu ikakatika.

Nilipiga, haipatikani. Nikakaa kwenye tairi kuukuu. Dakika ishirini. Kijana wangu alinitazama akataka kusema neno la maji, nikamwonyesha kidole.

Ilipoita tena sikusikia "mjomba". Nilisikia injini, ile sauti ya mwanzo ya kukwaruza, kisha inatulia. Simu yake ilikuwa imezimika kwa baridi hiyo hiyo, akaenda kuipasha kwapani ndani ya nyumba, na mke akamalizia kazi kwa maelekezo niliyokwisha kuyatoa. Kwa hiyo gari liliwashwa na mkewe. Mpwa wangu hapendi nikisema hivyo.

Waya ule ulikuwa mgonjwa muda mrefu. Siku za joto stata iliomba kidogo, ukamudu. Baridi ilipokuja na injini kuomba zaidi, ukashindwa.

Jumamosi yake akabadilisha waya, akanitumia picha ya ule wa zamani juu ya theluji: unga wa kijani, nyuzi za shaba zimebaki chache. Wiki iliyofuata yule dereva wa kirikuu alipita kuongeza maji ya betri. Nikampa simu aone. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama sana, kisha akanigeukia kwa hasira ya kweli.

"Bosi, huu si ule waya wangu? Si ulisema umeutupa?"