Siku Yangu na Kuvu wa Ndani ya Mikoko

Saa 12 asubuhi. Maji yamekupwa, tunaingia mikokoni. Nachuma majani ya mkoko na mchu yasiyo na doa la ugonjwa, maana kuvu ninaowatafuta huishi ndani ya mmea bila kuudhuru. Kila jani linapata lebo, kisha sanduku la barafu. Yakikawia kufika maabara, vijidudu vingine huyavamia.

Saa 3. Kazi yote inategemea saa hii. Natumbukiza majani kwenye ethanoli (spiriti) ya asilimia 70, kisha hipokloriti ya sodiamu (kemikali ya dawa ya madoa), kisha ethanoli tena, halafu nayasuuza kwa maji yaliyotakaswa. Nataka kuua kila kilicho juu ya jani bila kuwagusa waliomo ndani. Maji ya mwisho ya kusuuzia hayamwagwi: tone lake naliweka kwenye kisahani cha peke yake. Kikiota kitu humo, sampuli yote naitupa, kwani siwezi tena kuapa kwamba kuvu alitoka ndani ya jani. Kwangu kisahani hicho kitupu kina thamani kuliko mashine yoyote ya maabara.

Vipande vya jani navilaza kwenye agari, yaani ute mgando wa kukuzia vijidudu, yenye maji ya bahari na antibiotiki ya kuzuia bakteria.

Saa 6. Visahani vya zamani. Nyuzi nyeupe zimechomoza pale jani lilipokatwa. Kuvu huyu anafanana na Pestalotiopsis, jenasi moja ya kuvu, lakini umbo hudanganya. Vinasaba ndivyo vitakavyoamua.

Saa 8. Kuvu aliyekuzwa juu ya mchele namloweka kwenye ethili asetati, kimiminika kinachotoa kemikali zake, kisha naivukiza hadi ibaki lami ya kahawia. Naipaka kwenye vikaratasi na kuviweka juu ya bakteria Staphylococcus aureus, nione kama itawazuia.

Saa 10. Vikaratasi vya jana. Kimoja kimezungukwa na duara safi, bakteria hawakuota hapo! Nafurahi sana, ila sitamki neno dawa. Mwanasayansi Alexander Fleming aliona eneo safi kama hilo mwaka 1928, na penisilini ikaanza kutibu wagonjwa miaka ya 1940. Huenda kemikali hii inajulikana tayari. Huenda ni sumu kwetu pia.

Saa 11 jioni. Namhifadhi kuvu huyo kwenye gliseroli, kimiminika kinachomkinga asiharibiwe na barafu, nyuzi 80 chini ya sifuri, mapema kabla hajazoea maabara. Wengine wakikaa mbali na mmea wao huacha kutengeneza kemikali ileile. Kesho lami yake inajaribiwa kwenye seli za binadamu.