Kabla hujaandika "vurugu uwanjani"

Dodoma Jiji ikiikaribisha Simba au Yanga, picha za getini huzagaa WhatsApp kabla mpira haujaanza, na chini yake neno lilelile: vurugu. Neno hilo ni hukumu tayari. Aliyeko Kondoa au Mpwapwa akishalisoma, kila anayeonekana pichani akisukumwa, kwake ni mhuni.

Asichokiona ni hesabu. Mwongozo wa usalama wa viwanja Uingereza hauruhusu zaidi ya watu 47 waliosimama katika mita za mraba 10. Wakifika sita au saba kwa mita moja ya mraba, hakuna tena anayesukuma kwa kupenda: mwili unabebwa na mwili wa jirani, kifua kinakosa pa kutanukia. Watu hufa wamesimama, kwa kukosa hewa. Ndiyo maana hata "mkanyagano" tuliouzoea redioni mara nyingi unapotosha. Unamfanya aliyenusurika aonekane kamuua mwenzake kwa miguu.

Uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, 15 Aprili 1989, polisi wenyewe waliagiza geti lifunguliwe, kisha mkuu wao akadai mashabiki wamelivunja. Siku nne baadaye gazeti la The Sun likawabebesha lawama mashabiki wa Liverpool ukurasa wa mbele. Waliokufa kutokana na kubanwa ni 97. Mwaka 2016 ndipo baraza la wazee wa mahakama lilikuja kusema mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27 familia zinaishi na doa lisilo lao!

Ukipata klipu, tazama sekunde ya kwanza. Ikianza na watu wanaokimbia, kilichowakimbiza kimekatwa. Kanjuruhan, Indonesia, 1 Oktoba 2022, mashabiki waliingia uwanjani, lakini kilichofuata ni mabomu ya machozi yaliyopigwa hadi majukwaani, walikufa 135. Kumbuka pia kamera ikivuta picha ya mbali hubananisha watu, hivyo tafuta iliyopigwa kutoka juu. Halafu uliza: mageti mangapi yalifunguliwa, saa ngapi, tiketi ngapi ziliuzwa? Hospitali waulize majeruhi wameumia nini. Mawe na ngumi huacha majeraha yake, kubanwa kifua ni jambo jingine.

Vurugu za kweli zipo. Port Said, Misri, 1 Februari 2012, mashabiki walivamiwa, wakafa 74. Hapo neno "vurugu" liandike bila woga. Lakini kama ulichokiona uwanja wa Jamhuri, Dodoma, ni foleni iliyokwama, andika hivyo: "Geti moja tu lilifunguliwa, foleni ikafika barabarani."