Geti Lililofungwa Gailingen

Nauli ya treni hadi mji wa Singen, kusini mwa Ujerumani, iliniuma, lakini geti liliniuma zaidi. Nilishuka basi Gailingen, kijiji cha mpakani na Uswisi, Jumamosi saa sita mchana, nikapanda kilima jasho likinitoka, nikakuta makaburi ya Wayahudi yamefungwa. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akaniambia taratibu, maana Kijerumani changu ni cha kuokoteza: leo Sabato, rudi kesho.

Ikabidi nilale. Yuro 90 kwa chumba cha kugeukia kwa shida, na chai ya asubuhi haimo! Kwa hela hiyo, Tanga ningekula wiki mbili.

Jioni nikateremka hadi Mto Rhine. Kuna daraja la mbao lenye paa, na ng'ambo ni Uswisi. Mtu akiita kule, unamsikia. Nilisimama pale muda mrefu. Wayahudi walikaa kijiji hiki tangu karne ya 17. Katikati ya karne ya 19 walikuwa karibu nusu ya wakazi, na kuanzia 1870 hadi 1884 meya alikuwa Myahudi, Leopold Guggenheim. Hao ndio ambao sinagogi lao liliharibiwa na Wanazi, watawala wa Ujerumani wakati huo, tarehe 10 Novemba 1938. Tarehe 22 Oktoba 1940 waliobaki wakazolewa pamoja na wenzao wa mikoa ya Baden, Pfalz na Saar, zaidi ya watu 6,500, wakapelekwa kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa. Wengi wao wakaja kuuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Na Uswisi ilikuwa pale pale, unaiona kwa macho.

Jumapili geti lilikuwa wazi. Mwanamume haingii kichwa wazi, basi nikatoa mfukoni kofia aliyonishonea mama, nikavaa. Mawe yameinama, mengine yameota ukungu wa kijani. Moja limechongwa viganja viwili, vidole vimeachana katikati: alama ya ukoo wa makuhani. Juu yake mtu ameweka vijiwe vitatu, ndivyo Wayahudi wanavyozuru makaburi. Nikawaza, hawa angalau wana jiwe. Wajukuu wao waliopelekwa Auschwitz hawana.

Babu yangu amelala Pangani. Mara ya mwisho nilipokwenda, majani yalikuwa yamefunika kaburi lote, nikasoma Fatiha nimesimama mbali kwa kuogopa nyoka. Pale kituoni, basi halijafika, nikampigia kaka simu atafute mtu wa kufyeka wiki hiyo hiyo, hela nitatuma.