Kutoka Almere hadi Teruel: nchi ipi imejaa watu?

Treni ya Utrecht kwenda Almere, huko Uholanzi, inapita Hilversum, inakatiza malisho, halafu inaingia kwenye ardhi ambayo babu yangu alipooa haikuwepo. Shemeji yangu, mtu wa Tanga aliyelowea huko miaka mingi, alinipokea stesheni, na kabla hata hajaniuliza habari za nyumbani akaelekeza kidole chini. "Shemeji, hapo ulipokanyaga palikuwa bahari."

Hakutia chumvi. Mwaka 1932 Waholanzi waliziba ghuba ya Zuiderzee kwa tuta refu la Afsluitdijk, kisha wakawa wanavuta maji kwa pampu, eneo moja baada ya jingine. Upande wa kusini wa Flevoland ulikauka mwaka 1968, na wakazi wa kwanza wa Almere wakahamia mwaka 1976. Sasa mji huo una watu zaidi ya 220,000, na mitaa yake iko chini ya usawa wa bahari. Pampu zikizimwa, maji yatarudi kudai chake.

Nilisomea mipango miji, kwa hiyo nilifika na takwimu zangu kichwani. Uholanzi ina watu milioni 18 hivi kwenye nchi kavu isiyofika kilomita za mraba 34,000. Gawanya, unapata zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita ya mraba. Uhispania ina watu wapatao milioni 49, lakini eneo lake linapita kilomita za mraba 500,000, kwa hiyo wastani wake hauvuki watu 100. Kwa hesabu hiyo Waholanzi wamebanana mara tano kuliko Wahispania. Nilitaka kuona huko kubanana kukoje.

Almere sikukuona. Nilikuta nyumba za safu za ghorofa moja, matofali mekundu, kila moja na kibustani nyuma na kibanda cha baiskeli. Mabasi yana barabara zake. Saa tatu asubuhi tulitembea mtaa mzima tukakutana na mama mmoja na mbwa wake, na bata waliokuwa wanavuka njia bila wasiwasi. Mwanzoni nilidhani ni siku ya sikukuu. Shemeji akacheka: "Hapa ndipo penye fujo, ngoja ufike kwa wakwe zangu."

Siri yenyewe ni kwamba Waholanzi wametawanywa kwa makusudi. Amsterdam, Rotterdam, Den Haag na Utrecht zimekaa kama duara, na katikati yake serikali imelilinda kwa miongo mingi eneo la mashamba wanaloliita Groene Hart. Kati ya Utrecht na Amsterdam treni inaondoka kila baada ya dakika kumi siku za kazi, imejaa wafanyakazi, na dirishani unaona ng'ombe. Watu waliozidi mijini walijengewa miji mipya kama Almere na Zoetermeer. Hakuna jiji moja lililoachiwa limeze nchi nzima. Amsterdam yenyewe haijafika watu milioni moja.

Raha hiyo ina bei yake. Mtoto wa shemeji amemaliza chuo, ana kazi nzuri, na bado analala chumba kile kile alichokulia. Nchi ina upungufu wa nyumba karibu 400,000. Mwaka 2019 baraza kuu la kimahakama lilibatilisha utaratibu wa vibali vya miradi inayoongeza naitrojeni, uchafuzi unaotoka zaidi kwenye mifugo, na miradi mingi ya ujenzi ikakwama. Yaani kijana anakosa nyumba, na samadi ya ng'ombe ni moja ya sababu. Mimi nilikuwa nawalaumu wapangaji miji tu.

Njia ya kwenda kusini sina mengi ya kuisimulia. Paris nilibadilisha stesheni, nikalala kitini karibu Ufaransa yote, nikaamka bahari iko kushoto na Barcelona iko mbele.

Barcelona inajulikana. Mimi nilitaka L'Hospitalet de Llobregat, mji wa jirani ambao mgeni hawezi kujua ameingia saa ngapi, kwa sababu majengo hayaachani. Nilitoka chini ya ardhi kwenye stesheni ya metro ya Collblanc, na hapo ndipo nilipoiona ile "nchi yenye nafasi". Majengo ya ghorofa tano, sita, nane, yameegemeana bila uchochoro. Mtaa ni mwembamba kiasi kwamba jua linaufikia adhuhuri tu. Kila baraza dogo la juu lina nguo zilizoanikwa, mtungi wa gesi wa rangi ya chungwa, na pengine ndege kwenye tundu. Chini: kinyozi, duka la nyama, duka la dawa lenye msalaba wa kijani, wakala wa kutuma fedha, kinyozi tena. Katika mitaa hii ya Collblanc na La Torrassa kuna kilomita moja ya mraba yenye watu zaidi ya 50,000, kati ya zilizosongamana kuliko zote Ulaya. Almere wangeigawa idadi hiyo kwenye vitongoji kadhaa.

Mitaa hiyo haikujaa kwa bahati. Miaka ya 1950 na 1960 watu waliyakimbia mashamba ya majimbo ya Andalusia, Extremadura na Aragón wakafuata viwanda, na wenye viwanja wakapandisha ghorofa haraka haraka bila kuacha hata nafasi ya mti. Hata hivyo nikiri kwamba nilipapenda. Saa nne usiku watoto walikuwa bado wanacheza mpira uwanjani, bibi zao wamekaa kwenye mabenchi wakisengenya. Mkate, daktari, shule na metro, vyote viko umbali wa kwenda na ndala.

Kesho yake nilipanda treni ya kasi. Tulipoiacha Lleida nyuma, nchi ikakatika. Udongo mweupe, vilima vikavu, hakuna paa wala moshi, mpaka Zaragoza ikachomoza ghafla na maghorofa yake. Nusu ya wakazi wa Aragón wanaishi katika jiji hilo moja. Kuna uchambuzi uliowahi kuigawa Ulaya katika viraba vya kilomita moja moja, ukakuta kwamba Uhispania viraba vyenye mkazi ni kama asilimia 13 tu. Ukihesabu viraba hivyo peke yake, wastani unapita watu 700, na Uholanzi inaachwa nyuma. Ule wastani wangu wa watu 100 ulikuwa unawahesabia Wahispania mawe.

Kutoka Zaragoza nilichukua basi hadi Teruel, makao makuu ya mkoa wa kilomita za mraba 14,800 wenye watu kama 135,000. Hiyo ni watu tisa kwa kilomita ya mraba. Wenyewe walianzisha vuguvugu la Teruel Existe mwaka 1999, kudai barabara, reli na madaktari, na mwaka 2019 wakaingiza mbunge Madrid.

Mwenyeji wangu alinipeleka kijijini kwao. Kuna duka moja linaloendeshwa kwa msaada wa umma, na ndani yake humo humo kuna baa, mikate, vifurushi vya posta na vyumba viwili vya wageni. Mama anayelisimamia anatoka Colombia. Akanipa kahawa, nikamuuliza kwa Kihispania changu cha kuokoteza anaishi nyumba ipi.

"Hapa juu ya duka."

Nikashangaa. Tulipokuja nilikuwa nimehesabu milango iliyofungwa ikawa mingi kuliko iliyo wazi.

"Nimetafuta ya kupanga tangu nilipokuja," akasema huku anafuta kaunta. "Za warithi. Wako Zaragoza, Valencia, Barcelona. Wanakuja Agosti wiki mbili, wanafunga. Hakuna anayepangisha." Dada yake na mumewe walitaka kumfuata, wana watoto wawili ambao shule ya kijiji inawahitaji ili isifungwe. Wamekosa nyumba, wamebaki L'Hospitalet, chumba kimoja kwenye fleti wanayochangia na familia nyingine.