Tupo Nagasaki na timu yetu ya mabinti

Jamani Mungu ni mwema, tupo Nagasaki kwenye misheni na timu yetu ya mpira ya wanawake. Tunacheza na mabinti wa hapa, tukimaliza tunakaa pembeni ya uwanja tunapiga stori kupitia mkalimani, na wakiuliza kwa nini tumekuja mbali hivi tunawaambia habari za Yesu bila kumlazimisha mtu. Na mpira wanaujua hawa! Pasi fupi fupi huugusi, kumbukeni Japani ndio waliifunga Marekani kwa penalti fainali ya Kombe la Dunia la wanawake 2011, miezi michache tu baada ya tsunami, kepteni wao akiwa Homare Sawa.

Jana tulipanda kilima cha Nishizaka, pale waliposulubiwa Wakristo 26 mwaka 1597, yaani nililia. Baadaye imani ikapigwa marufuku zaidi ya miaka 200 na bado kuna familia ziliendelea kusali kwa siri bila padri, wazazi wanawafundisha watoto kimya kimya hadi marufuku ikaondolewa 1873, hebu fikiria imani ya namna hiyo!! Golikipa mmoja wa mabinti tunaocheza nao ametuomba tumwombee bibi yake anaumwa, naombeni na nyie mumkumbuke, kesho tuna mechi nao tena.