Rehani kando ya kitanda

Jana binti yangu alinikuta nafikicha majani ya rehani, akaniuliza, "Mama, hivi harufu inaweza kumtuliza mtu kweli?" Nikamkumbuka marehemu mama, usiku wa kuamkia upasuaji.

Mchana ulikuwa wa fomu na vipimo. Usiku ndio uliokuwa mgumu. Mama alikuwa macho, anaikunja na kuikunjua ncha ya shuka, pumzi fupi fupi zinaishia kifuani. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akachomoa kijitawi cha rehani kwenye glasi yake ya maji, akaninyoshea. Nikafikicha jani moja mpaka likalowa na kuwa jeusi vidoleni, nikalisogeza puani kwa mama. Akavuta. Akafumba macho, akavuta tena, taratibu zaidi, nikaona tumbo linainuka chini ya shuka. Vidole vikaiachia ile ncha. Hakulala, ila alianza kuzungumza kwa sauti yake ya kila siku, tukaongea hadi alfajiri. Upasuaji ulikwenda salama, tukaishi naye miaka mingi.

Baadaye nikaanza kusoma. Katika rehani, kama katika lavenda, mna kemikali iitwayo linaloli. Habari ya harufu hutoka puani na kufika upesi sana kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, waliwanusisha panya linaloli, na wasiwasi wao ukapungua. Panya walioharibiwa uwezo wa kunusa hawakutulia. Na panya walipopewa dawa inayoziba vipokezi vya ubongoni ambavyo diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, huvitumia, utulivu nao haukutokea.

Nilifurahi kusoma hayo, maana panya hana imani na rehani. Hakuna aliyemwambia itamsaidia.

Lakini mama hakuwa panya. Ili anuse ilimbidi avute pumzi ndefu, na pumzi ndefu peke yake hupunguza mapigo ya moyo. Tena mkono uliolishika lile jani ulikuwa wa mwanawe, karibu kabisa na shavu lake. Naamini rehani ilifanya kazi usiku ule. Ilifanya kiasi gani, na sisi wawili tulifanya kiasi gani, mpaka leo sijaweza kutenganisha.