Posho, maziwa na makopo ya vitamini kwa mtoto wa usonji

Wazazi wenzangu wa Kampala, kila tukikutana lazima atokee mtu aseme muondolee mtoto ngano na maziwa ataanza kuongea, na mwingine keshaleta kopo la vitamini la kukuuzia, bei yake karo ya shule kabisa.

Sasa angalia sahani zetu. Matoke haina gluteni, ile protini ya ngano, posho (ugali wa mahindi) haina, muhogo, wali, uji wa wimbi, vyote havina, ukishatoa chapati, mkate na mandazi umemaliza, ya nini kununua unga wa bei mbaya supamaketi? Na hata hapo usingoje miujiza. Chuo Kikuu cha Rochester kule Marekani waliwaweka watoto 14 kwenye hiyo diet, halafu wakawapa vitafunio vyenye gluteni au protini ya maziwa bila wazazi kujua siku gani ni kipi, tabia ikabaki ileile, usingizi uleule. Watoto wachache kweli, lakini jibu ndo hilo.

Wangu anakula posho kavu, mchuzi ukiigusa tu basi hali tena. Maziwa ndo anayapenda, nikiyatoa mifupa yake itajengwa na nini? Kuna watoto wa usonji wanaochagua chakula mpaka wanapata kiseyeye, kwa kukosa vitamini C tu!

Kwetu kilichosaidia ni choo. Alikuwa anakandamiza tumbo kwenye ukingo wa meza, analia, anajiuma mkono, watu wanasema ndo usonji huo. Nesi mmoja akauliza, choo anapataje? Kumbe kigumu kama jiwe. Maji, papai, na dawa ya kulainisha aliyoandikiwa, kujiuma kukapungua sana. Usonji upo palepale ila haumwi tena, na sasa anakaa chini tunafundishana.

Mukene, yaani dagaa, nasaga iwe unga laini kabisa, naweka ncha ya kijiko kwenye uji, ananusa kwanza, akikataa simlazimishi, najaribu tena siku nyingine.

Vidonge vya madini ya chuma pima damu kwanza. Vitamini A ikizidi inaumiza ini, usichanganye makopo. Melatonini kwa usingizi ina utafiti mzuri, ila iwe kwa daktari. Na matone wanayoita MMS ni dawa ya kupaushia jamani, yanaunguza utumbo, mtoto asiguse hata tone.